Nani Anakunywa Maji ya Sukari ya Nyuki Wangu?

Baba Mutua wangu,

Kilonzo amesema nikuulize wewe. Nilimuuliza swali moja tu, la ndiyo au hapana, tukiwa tumesimama kando ya ua wake. Akasukuma kofia nyuma, akatazama upande wa mto, akasema, "Hiyo muulize mwenyewe." Kana kwamba umeenda Kitui mjini kununua misumari na utarudi jioni. Basi nimekaa barazani, upande ule ulioupenda kwa sababu ya kivuli, nakuandikia. Ulipokuwa hai ulikuwa na tabia ya kujibu maswali yangu kwa kucheka. Sasa huwezi kucheka, na mimi nitapata nafasi ya kumaliza maneno yangu.

Nianze na nyuki, kwa sababu ndio walioleta haya yote.

Ile mizinga ya kisasa uliyoipanga nyuma ya ghala, ile uliyoipaka rangi ya samawati ukasema inapendeza kama madirisha ya kanisa, nimeitunza tangu tukuzike. Ulinifundisha kushika bomba la moshi nikiwa naogopa, na watu wa Matinyani wakasema umeniharibu, kwamba mwanamke hakaribii mzinga. Uliwajibu kwamba nyuki hawaangalii sketi. Nilikupenda sana siku ile, ingawa sikukuambia, kwa sababu nilikuwa bado nashuku unataka tu mtu wa kukubebea ndoo.

Mvua ya mwisho ilikuja kutusalimia tu, ikaenda zake. Maua yakakosa. Nikaanza kuona nyuki wanatambaa chini mbele ya mizinga, mabawa yamekunjamana, hawawezi kuruka. Nilidhani ni sumu. Nikamshuku kila mtu aliyenyunyizia maharagwe dawa kuanzia hapa mpaka barabarani. Mutua alipochoka kunisikiliza akampigia simu binti mmoja wa mji wa Wote anayefundisha watu mambo ya nyuki.

Alipofika nilimtazama kwanza viatu, halafu kucha. Kucha zilikuwa ndefu na zimepakwa rangi. Nikajiambia, huyu binti nyuki amewaona kwenye kalenda tu. Lakini alifungua mzinga bila kutetemeka, akachota nyuki kwenye chupa, akawanyunyizia sukari ya unga, akatikisa taratibu kama mtu anayechekecha unga, kisha akakung'uta juu ya karatasi nyeupe. Wakaanguka wadudu wadogo wekundu, wadogo kuliko punje ya wimbi, wakatembea.

"Hizi ni kupe, mama," akasema. "Kwa kawaida nyuki zetu zinapigana nazo zenyewe, lakini hizi zako zimechoka, hazina chakula. Tutaweka dawa, na wakati dawa iko ndani, wewe unazilisha maji ya sukari. Unalisha jioni, ndani ya mzinga, usimwage hata kidogo. Na mlango uupunguze, uwe mdogo hivi." Akanionyesha kwa vidole. "Na asali ya hii mizinga usivune mpaka nikuambie."

Dawa yenyewe ni vipande anavyoviweka juu ya fremu, vinanuka kama ile dawa ya kupaka mtoto kifuani akiwa na mafua. Harufu ilikuwa kali mpaka macho yalinitoka machozi. Binti akaziba mlango wa kila mzinga kwa kijiti, akaacha kitundu kidogo, akaenda zake.

Wewe unanijua. Nilisimama pale nikaitazama ile mizinga, harufu ikinipiga hata kwa mbali, nikajiuliza ni nani anayemfungia kiumbe ndani na dawa kali halafu anaziba mlango. Nikawaza labda wanataka nyuki wa watu wafe ili watuuzie wengine. Gari lake lilipopinda kona, nikatoa vile vijiti vyote, nikaacha milango wazi wapumue. Weka jambo hilo akilini, nitalirudia.

Nikaanza kulisha. Sukari na maji, nachemsha, napoza, natia kwenye chupa zilizotobolewa kifuniko, nazigeuza juu ya fremu jioni. Asubuhi chupa ni tupu. Nikafurahi kwanza, nikasema wanakula. Lakini nikiinua pembe ya mzinga kupima uzito kwa mkono kama ulivyonionyesha, mzinga ni mwepesi vilevile. Naongeza, zinaisha. Naongeza, zinaisha. Baba Mutua, nyuki wanaokula hivyo wangekuwa na matumbo kama madiwani.

Mtu alikuwa anakunywa maji ya sukari ya nyuki wangu.

Nilianza na mwanao, kwa kuwa ndiye aliye karibu na ndiye anayetia sukari kwenye chai kana kwamba anakoroga simiti. Nikaifungia sukari kwenye sanduku la bati, ufunguo nikaufunga kwenye leso. Akaniambia, "Mwaitu, mama yangu, kwani sasa nitakunywa chai kwa jirani?" Lakini chupa za nyuki ziliendelea kuisha, kwa hivyo hakuwa yeye. Nikashuku siafu, nikamwaga majivu kuzunguka miguu ya mizinga, na asubuhi majivu hayakuwa na alama ya mdudu wala ya kiatu. Ndipo nikatazama ng'ambo ya ua.

Kilonzo. Anapita ile njia ya nyuma ya ghala kila asubuhi akienda kufungua mbuzi. Mizinga yake iko hatua chache tu kutoka kwetu, kwenye migunga yake, na ilikuwa inanguruma vizuri wakati yangu inadhoofika. Halishi nyuki kitu, anasema nyuki si kuku. Sasa wanashiba nini?

Tena huyu nimemshuku zamani, na hili nakuambia leo kwa mara ya kwanza. Ni kwa sababu ya lile bakuli. Kila ulipovuna, kabla mtu yeyote wa nyumba hii hajalamba kidole, ulichagua sega moja, la kwanza, jeupe, lisilo na kasoro, ukaliweka kwenye bakuli la bati lenye ua jekundu, ukavuka nalo kwa Kilonzo. Nilikuuliza kila msimu. "Ana mizinga yake. Asali ya nini?" Nawe ukasema, "Jirani ni jirani, Mama Mutua." Tuna majirani wengine. Mzee wa upande wa juu hajawahi kupata hata nta. Nikasema moyoni, Kilonzo anajua kitu. Mtu halipi kila mwaka bila kudaiwa. Nilifikiri ni mwanamke. Siku moja nilikufuata, nikajificha nyuma ya mkonge kama mwizi wa mihogo, nikawaona mmekaa juu ya gogo, wanaume wawili wazima, mnatafuna sega na kutema nta, hamsemi neno. Nikarudi nyumbani nikiwa sijui zaidi ya nilivyoondoka, na mgongo umejaa miiba.

Wewe ulikuwa unanitania kwamba ningezaliwa mwanaume ningekuwa askari wa geti, na hata mwenye nyumba ningemwomba kitambulisho. Sawa. Askari akaanza kazi.

Kwenye kabati kulikuwa na kichupa cha rangi ya keki, kilichobaki tangu harusi ya mpwa wako, rangi ya kijani. Nikaitia kwenye maji ya sukari. Hakuna ua Ukambani linalotoa asali ya kijani, liwe la mgunga, la mkwaju au la mwembe. Za mwizi ni arobaini, nikasema, nikageuza chupa zangu na kungoja.

Baadaye nikaenda kwa Kilonzo kuomba asali ya kikohozi. Nikakohoa vizuri kabisa mlangoni. Akanichotea kutoka kwenye mtungi wake, nami nikainua kikombe juani, nikakigeuza huku na huku. Ilikuwa ya dhahabu kama siku zote.

"Unatafuta nini huko ndani?" akaniuliza.

"Naangalia kama kuna nyuki amezama."

"Hiyo imechujwa, Mama Mutua."

"Kuchujwa ni kuchujwa na kuangalia ni kuangalia," nikamwambia.

Mtu mwingine angeridhika hapo. Mimi nilirudi nyumbani nikijua kwamba nina mwizi mjanja, asiyechanganya mali ya wizi na mali yake.

Alhamisi ikafika, ushirika wa akina mama, zamu ilikuwa kwa Mama Pasta. Unajua sisi hatutaji mtu jina kwenye maombi. Tunamwachia Mungu ajaze mwenyewe. Ilipofika zamu yangu nikasimama nikasema, "Bwana, kuna mkono unaovuka ua kula kilicho cha mjane. Wewe unaujua mkono huo. Mwaibishe mwenye mkono huo mchana kweupe, Bwana, mbele ya hawa dada zangu wote." Amina zikaja polepole. Kila mtu pale alijua ni ua upi. Mama Kasyoka, mke wa Kilonzo, alikuwa amekaa karibu na mlango, na amina yake ilikuwa kubwa kuliko zote. Hata hiyo nikaishuku. Tulipotoka hakunisubiri njiani kama kawaida yake.

Sasa uelewe kwa nini nilikuwa mkali hivyo. Mutua alikuwa amepata msichana. Anaitwa Ndanu, wa Kibwezi, familia ya watu wa kanisa, baba yake analima vitunguu kando ya mto. Mbuzi za ntheo, za kumchumbia msichana, tulikuwa tumeshazipata, lakini shangazi za msichana walikuwa wamepiga simu wakisema asali iwe ya mzinga wa baba yake Mutua, isiwe ya duka, na mzee wa ukoo wao ataionja mbele ya watu. Na pale sokoni Matinyani watu walikuwa wameniona nikibeba mifuko ya sukari. Nilisikia mwenyewe mwanamke mmoja wa nyanya akimwambia mwenzake, "Siku hizi nyuki za Mama Mutua zinakunywa chai." Wakacheka. Maneno ya namna hiyo hufika Kibwezi kabla ya mtu. Nikajiona nimesimama kwa wakwe, mzee anatia kidole, anageuka anatema, na mwanao anarudi nyumbani na mbuzi zake. Jina lako, ambalo watu walilitaja pamoja na asali, ndilo lingetemwa pale.

Mizinga ya kisasa nilikatazwa kuivuna. Lakini kulikuwa na mwatu wako, ule mzinga wa gogo ulioutundika kwenye mkwaju wa mtoni kabla hujanioa, wenye alama ya ukoo wenu iliyochomwa kwa chuma ubavuni. Haujaguswa na dawa, haujapewa sukari, haujafunguliwa tangu uugue. Na wenyewe ulikuwa unanguruma! Katika ukame huu, nyuki walikuwa wanaingia na kutoka pale kama watu mlangoni mwa benki siku ya mshahara. Nilienda nikasimama chini yake nikalia. Nilisema, Baba Mutua bado anatutunza. Hapa duniani nilikuwa nimebakiwa na kitu kimoja ambacho sikukishuku, nacho ni mzinga wako.

Wa kupanda alikuwa Kilonzo, kwa sababu ni rika lako na Mutua haujui ule mti. Ningekataa, lakini ningempata nani? Alipanda jioni jua likishuka, Mutua akashika kamba, mimi nikasimama chini na tochi sikuondoa macho kwenye mikono yake. Alikata masega, akayatia ndooni akafunika, akateremsha. Ndoo ilikuwa nzito mpaka kamba ililia. "Huyu mzee bado ni tajiri," Kilonzo akasema kutoka juu. Nikaichukua ndoo kabla miguu yake haijagusa ardhi, na usiku ule ililala chini ya kitanda changu.

Asubuhi wakaja akina mama wa ushirika kunisaidia kuchuja asali na kufunga vyakula vya safari. Mama Kasyoka naye alikuja, uso umefungwa, lakini alikuja. Jua lilikuwa limeshapanda. Nikaileta ndoo hapa barazani, nikaiweka mezani katikati yao, nikafunua kwa mikono miwili kama mtu anayefunua keki.

Ilikuwa ya kijani.

Si yote. Juu kabisa kulikuwa na sega moja la zamani, la dhahabu. Lakini mengine yote, sega baada ya sega, yalikuwa ya kijani kama sukuma wiki iliyochemshwa, na yananuka dawa ya kifua. Mama Pasta alitazama ndoo, akanitazama mimi, akatazama ndoo. Mwishowe Mama Kasyoka akauliza kwa sauti ya upole sana, "Mama Mutua, haya ni maua gani?"

Mutua ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini. "Mwaitu, mwizi ni nyuki za baba!"

Nikampigia yule binti wa Wote. Akanieleza bila haraka, na kila neno lilikuwa kama kofi. Kwamba harufu ya ile dawa huwachanganya nyuki walinzi, hawajui yupi ni wao na yupi ni wa nje. Kwamba kundi lenye nguvu likisikia sukari kwa kundi dhaifu, huingia kuiba mpaka lile dhaifu liishe. "Ndiyo maana tulipunguza mlango, mama, ili wachache waweze kuulinda." Kisha akauliza, "Mlango ulibaki vile nilivyoacha?"

Nikamwambia mtandao unakatika.

Basi niliomba mwizi aaibishwe mchana kweupe mbele ya dada zangu, na sina cha kulalamika. Kikulacho ki nguoni mwako. Ila nilikuwa na gari linalongoja, mbuzi zimeshafungwa kamba, na ndoo ambayo siwezi kumpelekea hata mbwa wa Kibwezi. Nilikaa kwenye kiti chako nikashindwa hata kulia.

Kilonzo akatokea pale kwenye ua na mtungi begani. Mama Kasyoka alikuwa amemwita, sikumwona akiondoka. Akauweka mbele yangu. "Gari inangoja," akasema. Sasa sikiliza, ujue bado ni mimi yule yule: niliufungua nikatia kidole nikaonja, palepale, mbele yake na mbele ya mkewe. Akangoja nimalize. Ilikuwa asali ya migunga, safi, inayokwaruza koo kidogo mwishoni. "Ni nzuri," nikasema. Akajibu, "Najua."

Kibwezi mambo yalienda vizuri. Ndanu ni msichana mpole, ingawa anatabasamu haraka mno na nitamwangalia. Ilipofika wakati wa asali, mzee wa ukoo wao akatia kidole, akafumba macho, akauliza, "Hii ni ya mzinga wa baba yake?" Mutua akanitazama. Mimi nikatazama viatu. Kilonzo, aliyekuwa amekaa mahali ambapo wewe ungekaa, akasema, "Ni ya kwetu." Mzee akalamba tena, akacheka, wanawake wakapiga vigelegele. Mwanao amekubaliwa, Baba Mutua. Ningependa ungekuwepo, nasema bila shaka yoyote.

Lakini kile kidole cha mzee kilinipeleka mbali. Nilimwona baba yangu, kwetu Makueni, siku uliyokuja. Mwaka ule ulikuwa mbaya kuliko huu. Watu walikuwa wanachemsha majani, ng'ombe wa baba walikuwa wamebaki mifupa, na wewe ukaingia uani umevaa shati la kuazima, na mtungi wa asali umejaa mpaka shingoni. Watu walisimama kuuona. Baba alitia kidole, akalamba, akasema, "Mtu mwenye asali mwaka wa njaa hatamlaza binti yangu njaa." Hivyo ndivyo nilivyotoka kwetu. Nimewasimulia watoto, nimewasimulia akina mama kanisani, nimejivunia maneno yale maisha yangu yote. Kwenye gari, tukirudi, nilijiuliza kwa mara ya kwanza. Kama hapakuwa na maua, nyuki wako waliipata wapi?

Sikulala vizuri. Asubuhi nilienda kwenye ua wa Kilonzo.

"Mwaka ule nilioolewa," nikamwambia, "nyuki zako zilikuwaje?"

Aliendelea kukaza waya kwanza. "Ziliisha."

"Kwa njaa?"

"Kila mtu alisema njaa." Akaweka koleo chini. "Lakini chini ya mizinga kulikuwa na unga wa nta. Nyuki ikifa na njaa haiachi unga wa nta, Mama Mutua. Hiyo inaachwa na wezi wakipasua masega. Nikakaa nikaangalia. Nyuki ikishabeba inaenda laini moja tu. Nikaifuata kwa macho mpaka kwa mkwaju wa mtoni."

"Na hukusema?"

"Niseme nini? Nyuki si mbuzi, huwezi kuifunga kamba. Na wakati nilijua, asali ilikuwa imeshaenda kwenu."

Nikamwuliza kama mwaka ule na yeye alikuwa anaihitaji. Akacheka kidogo, si kicheko cha furaha. "Nilikuwa na mahali pa kuipeleka. Hawakungoja." Halafu, haraka, kwa sababu Mama Kasyoka alikuwa anafagia karibu, "Huyu nilimpata baadaye, na sijuti hata siku moja."

Ndipo nikamwuliza lile swali. Nikasema, "Yeye alijua?"

Na jibu lake nimeshakuandikia hapo juu.

Kwa hivyo nakuuliza, Baba Mutua. Ulijua? Uliposimama kwa baba yangu na mtungi ule, ulijua umebeba mali ya nani? Au ulijua baadaye, siku fulani ukipita kwa Kilonzo ukaona mizinga mitupu? Mimi niliyeshuku una mwanamke, niliyejificha kwenye mkonge, niliyehesabu harufu za mashati yako, nilikuamini kwenye jambo moja tu, asali ile, na sasa hata hilo nimenyang'anywa. Nina hasira na wewe. Nimekaa kwenye baraza yako na nina hasira, na ningetoa mizinga yote hii ya samawati ili uwe hapa nikugombeze.

Nimekaa sana na hilo swali, mpaka chai imepoa. Halafu jikoni, nikitafuta kitu kingine kabisa, nimekutana na bakuli la bati lenye ua jekundu. Liko palepale ulipoliacha. Tangu uondoke sijalitoa. Nimevuna mizinga ya kisasa, nimechuja, nimeuza, na hakuna sega lililovuka ua, kwa kuwa niliona ule ujinga wako umekwisha. Kilonzo hakuwahi kuuliza. Miaka yote hiyo, kila msimu, lile jeupe, la kwanza, lisilo na kasoro. Wanaume wawili kwenye gogo, hawasemi neno.

Sikuhitaji kukuandikia, kumbe. Ulikuwa umeshajibu, na mimi nilikuwa nyuma ya mkonge natafuta mwanamke.

Hata hivyo bado nina maneno na wewe. Sijui kama ulipeleka kwa aibu au kwa upendo, na sijui kwa nini hukuniambia mimi, niliyelala nawe kitanda kimoja. Labda uliogopa ningeiona asali ile kwa jicho lingine. Ulikuwa na haki ya kuogopa, ningeiona. Hilo tutaliongea tukikutana, na usifikiri nitasahau.

Vijiti vya milango nimerudisha. Chupa sasa zinakaa siku kadhaa kabla hazijaisha, na mizinga imeanza kuwa mizito mkononi. Masega ya kijani nitawarudishia nyuki wenye mali, kidogo kidogo, ndani, jioni, bila kumwaga.

Isipokuwa moja. Lile la dhahabu nilitaka kulichagua, kisha nikaona hapana, ile ni hila, ni kumpa mtu kizuri ili asahau. Nikachukua la kijani kuliko yote, kutoka katikati kabisa ya mzinga wako, nikaliweka kwenye bakuli la bati, nikavuka ua mchana, mbele ya kila mtu aliyetaka kuona. Kilonzo alilipokea kwa mikono miwili. Akasogea kwenye gogo, nami nikakaa mahali pako. Alilitafuna lote, taratibu, akatema nta.

"Inanuka dawa ya kifua," akasema, na ulimi wake ulikuwa kijani kama wa kinyonga.

Nilikata kipande changu nikala.

Lala salama, na usicheke.

Ni mimi, mkeo niliyekuja kwako kwa asali ya jirani,
Mama Mutua